Familia ya Ngamiani: usiku wa mechi ya saba

*Jumanne, 21 Oktoba 2025*

Shangazi Rehema (Seattle): Aslm alkm familia, najua Tanga saa hizi ni saa tisa usiku mmelala, naandika hivyo hivyo maana moyo unanienda mbio. Leo ndo leo. Besiboli, nusu fainali, timu yetu ya Seattle na Toronto mechi ya 7 ya mwisho, sisi tumeshinda 3 wao 3, atakayeshinda anaenda World Series, ndo fainali yenyewe, kucheza na Dodgers

Mwanaidi: Wlkm salaam na shikamoo shangazi. Mi niko macho, nipo zamu ya usiku. Kwani hiyo World Series hamjawahi kufika?

Shangazi Rehema (Seattle): Marahaba mwanangu. Ligi ina timu 30. Timu 29 zote zishacheza World Series angalau mara moja. Sisi tangu timu ianzishwe 1977 hatujakanyaga. Sisi peke yetu!!

Hafidh (Toronto): Shikamoo shangazi. Nimewasha tv, ila leo utanisamehe, mi niko na hawa wa huku kwangu

Shangazi Rehema (Seattle): Marahaba baba. Shangilia timu ya mji wako ndo haki yako. Ila mpaka mpira uishe usinipigie simu

Shangazi Rehema (Seattle): JULIOOOO wetu kaupiga umevuka ukuta huooo 2-1

Mwanaidi: 🙌🙌 sielewi kitu ila nimefurahi

Shangazi Rehema (Seattle): CAL RALEIGH!!!! 3-1!!!! Mwanaidi huyu ni mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji usiku mzima anadaka mipira inayokuja kama risasi, na kwa magoti hayo hayo msimu huu kwenye ligi kapiga homrani 60, yaani mipira ya kuvuka ukuta. Hakuna mdakaji mwingine aliyewahi kufika hata 50

Idd (Dar): Shikamoo shangazi simu inalia tu hapa mtoto kaamka 😂 haya zimebaki ngapi

Shangazi Rehema (Seattle): Marahaba. Mechi ni raundi 9, tuko ya 5. Tukitoa wapigaji wao 15 tu tunaenda fainali. Yarabi

Idd (Dar): Mungu atajalia

Shangazi Rehema (Seattle): Raundi ya 7 sasa. Woo mrushaji wetu kamwachia mtu wao besi ya kwanza bure, yaani kituo cha kwanza cha kukimbilia pointi. Na huyu mwingine kapiga. Wawili wako kwenye besi

Shangazi Rehema (Seattle): Wanamtoa Woo. Anaingia Bazardo. Mbona si Muñoz jmn, Muñoz ndo mkali wetu wa kumalizia

Shangazi Rehema (Seattle): Springer wao anapiga

Shangazi Rehema (Seattle): Umevuka ukuta. Wameingia watatu, pointi 3. 4-3 wao

Mwanaidi: Uwiii shangazi 😢

Idd (Dar): Bado raundi mbili shangazi, mpira ni dakika 90

Mwanaidi: Idd huu hauna dakika

Shangazi Rehema (Seattle): Julio kapiga hewa. Imekwisha.

Hafidh (Toronto): Shangazi pole sana, kwa moyo kabisa. Huku nje ni honi na kelele mtaa mzima lakini nimekufikiria wewe. Nikupigie?

Shangazi Rehema (Seattle): Hongera mwanangu. Kesho tutaongea, saa hizi nitalia tu kwenye simu

Baba Mkubwa Athumani: Assalaam alaykum. Ndo natoka msikitini nakuta meseji chungu nzima nikadhani kuna msiba. Rehema mdogo wangu pole. Shabiki wa Coastal Union akikupa pole ujue imetoka ndani. Sisi ubingwa tuliuchukua 1988, nilikuwa kijana, Mkwakwani hapa palikuwa hapakaliki. Tangu hapo mpaka leo nasubiri na mechi siachi

Shangazi Rehema (Seattle): Shikamoo kaka. Wewe ndo unanielewa. Afadhali wewe 1988 uliiona kwa macho yako, mimi bado hata kuionja. Nilipokuja huku ilikuwa 2001, mwaka ambao Ichiro alitoka Japani kuja kwetu na timu ikashinda mechi 116 kwenye msimu, rekodi ambayo hakuna timu iliyowahi kuipita, halafu Yankees wakatutoa kabla ya fainali. Nikasema haya, mwakani. Kaka, mwakani hiyo ikawa miaka 21 hata hatua ya mtoano hatugusi, mpaka 2022. Na miaka ile ya mwanzo nafanya kazi ya usafi hotelini huku redio iko juu ya toroli la mashuka, anatangaza Dave Niehaus Mungu amrehemu, Kiingereza changu mimi kilinyooka kwa yule mzee, akisema mpira unaenda unaenda nami naacha kutandika kitanda nasimama. Kwa hiyo watu wakiniuliza unapenda nini kwenye timu isiyofika popote nashindwa nianzie wapi, hawa ndo wamenilea kwenye huu mji

Mwanaidi: Shangazi hii hukuwahi kutuhadithia

Shangazi Rehema (Seattle): Na mwaka huu sio mwaka wa kulia tu, niwaambie. Tumechukua kundi letu mara ya kwanza tangu huo 2001. Tarehe 10 nilikuwepo uwanjani tukicheza na Detroit, mechi ilifika raundi ya 15, karibu saa tano nzima, hakuna anayekaa, bibi mmoja wa kizungu pembeni yangu simjui hanijui tumeshikana mikono vidole vimekufa ganzi, Polanco wetu alipoupiga ule wa ushindi tukakumbatiana kama tumezaliwa tumbo moja. Halafu Ijumaa iliyopita hawa hawa kina Hafidh wanatuongoza 2-1 raundi ya 8, Cal akasawazisha, Suárez akapiga homrani besi zote zimejaa, pointi 4 kwa mpigo mmoja, tukashinda 6-2. Tulikuwa tunataka ushindi mmoja tu kwenye mechi mbili zilizobaki 😭

Idd (Dar): Kwa hiyo kosa la kocha?

Shangazi Rehema (Seattle): Kwa mimi ndio, pale ndo pa kumleta Muñoz, mtu wako bora unamwita moto unapowaka, humwekei raundi ya 9 ambayo huenda isiwe na maana tena. Ila kocha wetu Dan Wilson simtukani na asitukanwe humu. Alikuwa mdakaji wa kikosi cha 1995 kilichowatoa Yankees wakati maneno ya timu kuhamishwa yameshazagaa mji mzima. Leo anaumia kuliko mimi

Hafidh (Toronto): Shangazi sisi kwa Dodgers na yule Ohtani wao tutahitaji dua yako

Shangazi Rehema (Seattle): Utaipata. Mmetutoa sisi basi chukueni kombe kabisa, nyie mna la 1992 na 1993 tu, nanyi mmesubiri

Baba Mkubwa Athumani: Hiyo ligi inarudi lini

Shangazi Rehema (Seattle): Mwishoni mwa Machi kaka. Mechi zetu za mchana kwenu ni kama saa tano usiku, unaweza kuangalia ukalala kabla ya alfajiri

Idd (Dar): Shangazi pale shule ya sekondari Azania kuna uwanja wa besiboli uliojengwa kwa msaada wa Wajapani, nitampeleka dogo akaone watoto wanavyocheza. Kofia ya timu yenu saizi ya miaka 6 inapatikana?

Shangazi Rehema (Seattle): Inapatikana. Nipimie kichwa chake kwa futi ya fundi unitumie leo leo, kuna mtu anakuja Dar mwezi wa 11 nitampa

Baba Mkubwa Athumani: Na mimi

Shangazi Rehema (Seattle): Na wewe kaka. Nipimie