Harold Shipman alinaswa vipi?

Swali: Wakuu, huyu daktari wa Hyde, Uingereza, aliua wagonjwa wake kwa miaka mingi. Nini hasa kilimfichua?

Jibu: Tamaa. Mwaka 1998 alighushi wosia wa bibi wa miaka 81, mgonjwa wake aliyemuua, ili arithi pauni 386,000. Binti wa marehemu, mwanasheria, akaushuku. Bahati nzuri mwili ulizikwa, haukuchomwa. Ukafukuliwa, mofini (dawa kali ya maumivu, inaua ikizidi) ikapatikana. Taipureta iliyochapa wosia alikuwa nayo Shipman mwenyewe.

Jibu: Ongeza kompyuta, mkuu. Alijaza kwenye faili la matibabu kwamba bibi alikuwa mraibu wa dawa za kulevya, akarudisha tarehe nyuma. Diski ilitunza muda halisi: aliandika baada ya kifo.

Jibu: Mahakama ilimtia hatiani kwa mauaji 15 mwaka 2000, baadaye tume ya uchunguzi ikathibitisha 215. Inauma sana, vyeti vya vifo alikuwa akisaini yeye.