Waya wa amplifaya toka betri mpaka buti, geji 4 ya dukani inatosha?

PremioNyamanoro
Mwangaluka wakuu. Nina Toyota Premio nataka kuipa mziki wa maana kabla ya harusi ya bro wangu huko Magu mwezi ujao, maana kwenye msafara sisi ndo tutakua mbele. Nimeshanunua amplifaya ya sabufa imeandikwa wati 3000 na nyingine ndogo ya chaneli 4 kwa ajili ya spika za milango. Sasa fundi wangu kaniambia nikanunue lile furushi la nyaya lenye kila kitu ndani, waya mwekundu, mweusi, RCA (zile nyaya za kupeleka sauti toka redio), fyuzi na vikorokoro vyake, liwe geji 4, yani unene wa waya, namba ikipungua waya unanenepa. Nimefika dukani Mwanza mjini nimekuta mafurushi mawili, yote geji 4, ila moja bei ni zaidi ya mara mbili ya lingine na muuzaji anasema tofauti ni jina tu. Kuna mshkaji hapa maskani nae anasema wati 3000 kwa geji 4 nitaunguza gari, nitafute geji 0. Nishike la nani? Betri iko mbele kwenye boneti, amplifaya zitakaa kwenye buti.

bezi_la_mwaloni
Mkuu hizo wati 3000 ziache hukohuko kwenye boksi. Kaangalie ubavuni mwa amplifaya pale nyaya zinapoingia, kuna fyuzi za plastiki zimechomekwa. Ziko ngapi na zina namba gani? Ukija na hizo ndo tuongee.

PremioNyamanoro
Nimetoka kuangalia. Ya sabufa ina mbili za kijani, 30. Ile ndogo ina moja nyeupe kama kioo, 25.

bezi_la_mwaloni
Hahaa basi 3000 ilikua salamu tu. Fyuzi mbili za 30 ni ampea 60. Gari ikiwa inaunguruma una kama volti 13.8, zidisha unapata wati 828 zinazoingia, na amplifaya ya klasi D, zile zisizopoteza umeme mwingi, ikiwa nzuri inatoa kama asilimia 80, zilizobaki zinageuka joto, kwa hiyo una wati 650 na ushee za kweli. Sio mbaya kabisa, sabufa ya inchi 12 itatingisha vioo mpaka huko Magu watajua mnakuja. Ila geji 0 ya nini sasa? Mwambie huyo wa maskani apumzike.

fundi_Igoma
Bezi kaeleza vizuri, mi naendelea hapo. 60 jumlisha 25 ni ampea 85, hicho ndo kilele, na mziki haupigi bezi moja mfululizo kwa hiyo wastani wake uko chini ya hapo. Toka betri ya Premio ukipitisha waya pembeni kwenye kizingiti cha mlango mpaka buti, weka mita 5. Geji 4 ya ukweli ni milimita mraba 21. Ikiwa shaba tupu, mita 5, ampea 85, njiani unapoteza kama volti 0.35, hapo huna tatizo.

Tatizo ni kwamba hiyo "4" imeandikwa kwenye plastiki na plastiki haipitishi umeme. Kuna nyaya ni alumini imepakwa shaba juu, hiyo kwa unene uleule inapoteza kama mara moja na nusu ya shaba. Alafu kuna zile ambazo hata unene wenyewe hazina, ganda nene ndani nyuzi za kuhesabu, kama kitumbua cha stendi kimevimba ukikibana hakuna kitu, unapima unakuta milimita mraba 10 na kaandika geji 4 bila aibu. Alumini ya 10 kwa mzigo wako ni zaidi ya volti 1 imeishia kwenye waya, ukizidisha na ampea 85 ni wati 90 na kitu zinapasha moto kapeti lako badala ya kupiga bezi.

Kwa hiyo usimuulize muuzaji, uulize waya. Omba ncha, toa uzi mmoja ukwangue na wembe. Ukiona mweupe ndani hiyo ni alumini, rudisha. Ila angalia usichanganye, kuna waya nje mweupe lakini ukiukwangua ndani ni mwekundu, hiyo ni shaba iliyopakwa tini na ni nzuri sana hasa kwetu huku ziwani na unyevu wake, kutu ya kijani haiwahi. Njia ingine kiberiti cha gesi, uzi mmoja mwembamba ukiuweka kwenye moto alumini inanywea inakua kitone, shaba inawaka nyekundu na inabaki imesimama.

Na kama muuzaji hataki ukwangue, pima uzito. Mita 5 za shaba ya 21 bila ganda zinakaribia kilo moja, gramu 940 hivi, za alumini iliyopakwa hazifiki hata gramu 400. Ganda linaongeza kidogo kote kote lakini tofauti huwezi kuikosa. Wewe uko Nyamanoro, shuka Kirumba Mwaloni kwa wauza dagaa mizani imejaa pale.

pasiansi_tochi
Mnamchosha kijana. Nunua kebo ya welding ya milimita mraba 25 hapo mjini kwenye maduka ya hardware, inauzwa kwa mita, laini, shaba, kazi imeisha. Alafu weka kapasita, kile kitunza umeme kidogo, ile kubwa ya faradi 1 taa zisicheze.

fundi_Igoma
Kebo ya welding sina ugomvi nayo, tena inasema ukweli maana imeandikwa kwa milimita mraba sio geji za kubuni. Lakini na yenyewe siku hizi za alumini zipo kwa hiyo wembe uleule utumike, na raba yake nyingine inapendeza dukani ila ikikaa na oili na joto la injini inaanza kupasuka, sehemu ya boneti ivalishe ule mpira wa mikunjo. Usije tu ukashawishika na waya wa nyumba, ule wa nyuzi saba nene, ni mgumu na gari inatikisika kila siku, unaenda unakatika polepole kwenye kona bila wewe kujua.

Kapasita hapana, kaka yangu. Taa zikicheza na bezi maana yake umeme hautoshi au waya unaubana, na kapasita haizalishi umeme. Hela hiyo akanunue waya mzuri na lagi za kubana, vile vichwa vya chuma vya kufungia ncha za waya.

bezi_la_mwaloni
Na fyuzi!! Mbona hakuna anaesema fyuzi. Fyuzi kubwa inakaa jirani na betri, isizidi sentimita 45, kwa mzigo wako weka 100. Hizi za kwenye amplifaya zinalinda amplifaya, ile ya mbele inalinda waya. Mafundi wengi hapa mjini wanaifunga kwenye buti kwa sababu kule kuna nafasi na inapendeza na kitaa chake cha bluu, sasa huo waya wa mita 5 kati ukichubuka kwenye bati la injini nani anaukata? Nishawahi kuona gari inatoa moshi chini ya siti ya dereva taratibu tu, waya mwekundu umepita kwenye tundu la bati bila raba, bati limekula ganda mpaka limefika kwenye shaba, na fyuzi iko nyuma nzimaa haina habari. Walifungua betri kwa spana huku wanakohoa.

PremioNyamanoro
Wakuu asanteni sana aisee. Nimerudi mjini na wembe, muuzaji kanuna kweli ila kanipa ncha. Ile ya bei ndogo ni nyeupe ndani kama mlivosema na nyuzi zenyewe chache, unene wote ni plastiki. Ile ghali ni nyekundu mpaka mwisho. Nimechukua hiyo ghali, fyuzi yake ilikuja 60 nimebadilisha na 100. Swali la mwisho, mweusi fundi anataka kuufunga kwenye bolti ya mkanda wa siti ya nyuma, ni sawa? Na RCA zipite wapi?

fundi_Igoma
Bolti ya mkanda usiiguse kabisa, ile imefungwa kwa nguvu maalum kukushika wewe siku ya ajali, na mara nyingi ina gundi na rangi hata umeme haupiti vizuri. Tafuta bati nene la bodi humo humo kwenye buti, toboa lakini chungulia kwanza chini usitoboe tenki, kwangua rangi mpaka ling'ae, funga lagi kwa bolti na nati na washa ya meno, alafu paka rangi au grisi juu kuzuia kutu. Waya mweusi uwe unene uleule wa mwekundu, usizidi nusu mita. Lagi abane na mashine ya kubania, akitoa nyundo mwambie asubiri.

RCA zipite upande mwingine wa gari, nyekundu kulia basi RCA kushoto, la sivyo ukikanyaga mafuta spika nazo zinapiga mluzi zikifuata injini.

Akimaliza usiangalie kapendezesha vipi, chukua mita ya kupimia volti. Washa gari, piga bezi, pima volti kwenye betri alafu pima kwenye amplifaya. Zikipishana zaidi ya nusu volti kuna sehemu imefungwa vibaya. Kisha weka ncha moja kwenye hasi ya betri na nyingine kwenye ule mweusi wa amplifaya huku bezi inapiga, inatakiwa isome karibu na sifuri, ikisoma 0.3 au 0.4 rudi kwenye lile bati ukakwangue tena.

pasiansi_tochi
Na altaneta je, ile inayozalisha umeme wa gari na kuchaji betri? Gari ndogo hizo nyingi zina altaneta ya ampea 70 mpaka 100, bado taa na feni.

fundi_Igoma
Hapo umesema kweli pasiansi. Barabarani itamtosha. Shida ni kwenye msafara, mnatembea kama konokono, injini iko sailensa bila kukanyagwa mafuta, altaneta inatoa kidogo, feni inazunguka na AC umewasha. Kijana, siku hiyo mkisimama kwa muda mrefu punguza sauti au kandamiza mafuta kidogo, na mita iache kwenye dashibodi, ikishuka chini ya 12.5 na injini inaunguruma ujue unakula betri.