Kama stakabadhi ghalani ni nzuri hivyo, mageti na mgambo ni vya nini?

Wakuu salaam. Mods naomba msiuunganishe huu uzi na ule wa korosho, hapa naongelea ufuta na naongelea halmashauri, nina hasira na ni ndefu, asiyeweza kusoma apite tu.

Niko Lindi, mkulima, na huku ufuta tunalazimishwa kuuza kwa stakabadhi ghalani, yaani unaupeleka ghalani kupitia chama cha msingi cha ushirika, unauzwa kwa mnada, hela inakuja baadaye. Msimu huu nimepata gunia nane za ufuta, nimepima kwenye mzani wa jirani yangu mwenye duka zikasoma kilo 742, nikakodi bodaboda akazibeba kwa tripu kadhaa mpaka chama cha msingi, pale zikasoma 719. Kuuliza naambiwa mzani wa dukani hauaminiki. Sawa, wa kwao nani kauhakiki na lini? Kimya. Basi mnada wa kwanza tukagoma bei, wa pili tukakubali maana watu wana ada za watoto na hakuna mlango mwingine, hela imeingia siku ya 24 ikiwa imenyofolewa kila upande, ushuru wa halmashauri, chama cha msingi, chama kikuu, ghala, usafiri, magunia, halafu chini kabisa kuna kitu kimeandikwa "mengineyo". Mengineyo ndo nini jamani?? Karani ananiambia kaulize wilayani.

Na jirani yangu mwingine kakamatwa usiku na gunia mbili kwenye pikipiki, anaitwa mtorosha mazao. Gunia mbili! Kalima mwenyewe, kapalilia mwenyewe, mke wake kapepeta, leo anaitwa mwizi wa ufuta wake. Mnakumbuka 2017 ushuru uliposhushwa toka asilimia 5 mpaka 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa ukitoka halmashauri moja kwenda nyingine? Tulishangilia kweli. Sasa mtajie mgambo wa geti la ushuru hiyo sheria uone, anakujibu ufuta una mwongozo wake, rudisha ghalani.

Najua kuna watu watakuja hapa kusema huyu anataka kangomba, ule ulanguzi wa mazao kijijini, irudi. Hapana bana, kangomba naijua kuliko nyinyi mnaoisoma kwenye simu, mama yangu alichukua unga na sukari kwa mkopo akalipa korosho kwa bei ya kuombwa msamaha. Stakabadhi ilipoanza kwenye korosho msimu wa 2007/08 ilitusaidia, hilo sikatai. Ila swali langu ni moja, kama mnada unatoa bei nzuri si tutakuja wenyewe mbio? Kwa nini tuletwe na mgambo? Mruhusu mnunuzi aje kijijini na mzani uliohakikiwa na hela mkononi, akate ushuru wake halali wa asilimia 3, mnada nao uendelee, mimi nichague. Mkulima akishakuwa na pa kwenda pengine hata huyo karani ataacha kuandika mengineyo.

Mlango mmoja tumeshauona ulivyo. 2017 India walipobana mbaazi, bei ikaporomoka watu wakaacha mbaazi zikaukia shambani. 2018 wanunuzi wakaleta bei ya ajabu kwenye korosho, Magufuli akasema serikali itanunua yote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, jeshi likaja kubeba, bei tulifurahia ila wapo waliosubiri hela mpaka mwaka wa pili ukaingia.

Sasa hiyo asilimia 3 yenyewe inaenda wapi? Kijiji kizima tumetoa ufuta wa mamilioni, zahanati haina umeme, kivuko cha kwenda mashambani tumejenga kwa magogo yetu. Tunaambiwa kuna fungu linatakiwa lirudi kijijini, mwenyekiti anasema hajawahi kuliona. Tulimchagua 2024 kwa kura zetu na tukiwa na shida tunamfuata yeye, lakini ana nini? Ana mhuri tu. Hela ziko kwa mkurugenzi wa halmashauri ambaye hatukumchagua, ameteuliwa huko juu, akiboronga anahamishiwa wilaya nyingine akaboronge upya. Diwani anakuja wakati wa misiba. Mapato na matumizi tunatakiwa tusomewe kila baada ya miezi mitatu, mara ya mwisho kusomewa mtoto wangu alikuwa hajatambaa, saa hizi yuko chekechea. Na CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, kila mwaka anaandika kuhusu makusanyo ya POS, zile mashine za kukusanyia ushuru, ambayo hayakufika benki, tunasoma, tunacheka, mwaka unaofuata anaandika tena.

Mtu akiwaambia umaskini wa vijijini ni uvivu mleteni huku Juni tukavune naye.

Jumatatu naenda wilayani kuulizia hiyo mengineyo, nauli kwenda na kurudi elfu kumi na nne, na nawaambia kabisa mhusika atakuwa semina. Nitaleta mrejesho hapahapa.