Naomba ushauri: mwovu wa riwaya yangu haogopeshi

Mrina_Asali, Tabora
Wakubwa shikamooni. Ninaandika riwaya ya kutisha inayoanza miezi michache baada ya maradhi kuwamaliza karibu watu wote nchini. Walionusurika wanaifuata reli kwa miguu hadi Tabora, pale inapogawanyika, njia moja ikienda Mwanza na nyingine Kigoma, na hapo nao wanagawanyika: baadhi wanabaki na bibi mmoja mwenye mizinga ya nyuki, wengine wanamfuata mwanamume asiye na kivuli. Kila ninapomsomea mdogo wangu, ananiambia kwamba huyo mwanamume hamwogopi hata kidogo. Nimeongeza damu na maiti, lakini wapi. Nimekosea wapi?

Fundi_Pampu
Ndugu yangu, kukosa kivuli kunashangaza mara moja tu. Jiulize ana kitu gani ambacho wengine hawawezi kuishi bila hicho. Kiangazi cha Tabora, kuanzia Mei hadi Oktoba, unakijua. Pampu zikikosa umeme mabomba hukauka, na Bwawa la Igombe liko nje ya mji. Mpe kisima. Awe mpole, agawe maji kwa haki kwa wiki mbili, amwite kila mtoto kwa jina lake, kisha asubuhi moja aombe jambo dogo tu, kwamba wagonjwa wasubiri mwisho wa foleni. Hapo nitamwogopa, kwa sababu nitajiona nimesimama na ndoo yangu, nimenyamaza.

Mama_wa_Ujiji
Mwanangu, kisima ni wazo zuri, ila mimi naona udhaifu uko kwa bibi. Asali haiozi, na bila shaka ana michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ya kutosha, kwa hiyo wema wake haujamgharimu chochote. Maiti nazo zipunguze. Huku kwetu, usiku usio na mbalamwezi, Ziwa Tanganyika huwaka taa za wavuvi wa dagaa kama mji wa pili. Andika usiku ambao hakuna hata taa moja, kisha ioneshe moja, ikija ufukweni polepole.

Mrina_Asali, Tabora
Ahsanteni sana. Kivuli nimemrudishia. Mama, nina swali: bibi akiyajua masharti ya kile kisima, awazuie watoto wenye kiu wasiende?

Mama_wa_Ujiji
Awazuie, na mmoja afe. Halafu tuandikie asubuhi yake, mama wa yule mtoto anapoichukua ndoo.