Kuisema nchi yako kwa ukali ni kukosa uzalendo? Tujadili

Wakuu, salaam kutoka Arusha.

Naleta hoja hii baada ya mabishano makubwa kwenye kundi letu la waongoza watalii. Kijana mmoja, dereva anayeijua kazi yake vizuri, alituma ujumbe wa sauti. Alisema nchi inaongozwa kwa woga, kodi zinaliwa, dawa hospitalini hakuna, na ofisi ya umma usipomjua mtu utashinda kwenye benchi mpaka jioni. Hakupamba. Maneno yalikuwa makali, lakini hakutukana mtu wala kabila. Majibu aliyopata yalikuwa ya aina moja: huna uzalendo, unaichafua nchi, wageni wakisikia hayo watahamia Kenya. Hakuna aliyemwambia, "Hapa umesema uongo." Kisha akatolewa kwenye kundi.

Msimamo wangu naueleza mapema ili mnaotaka kunipinga mjue pa kuanzia. Ukali wa maneno si kipimo cha uzalendo. Cha kuuliza ni kama yaliyosemwa ni kweli. Na anayesemwa hawezi kuwa yeye huyo huyo anayegawa vyeti vya uzalendo.

Waliolelewa na TANU wanazikumbuka ahadi za mwanachama. Mojawapo ilikuwa hii: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Haikusema nitasema kweli ikiwa tamu, wala nitasema kweli wageni wakiwa wamelala. Wazee wale waliweka mpaka kati ya kweli na fitina. Sisi tumeuhamisha, tukauweka kati ya sifa na lawama, kisha tunadai tunafuata nyayo zao.

Hapa mjini, pale Kaloleni, lipo jengo ambamo Halmashauri Kuu ya TANU ilikaa Januari 1967 ikalipitisha Azimio la Arusha, lile tamko la ujamaa na kujitegemea. Sasa ni makumbusho, na wageni tunawapeleka. Huwa tunawasimulia Azimio lenyewe, lakini ni wachache kati yetu wanaosimulia kilichofuata. Mwaka 1977, miaka kumi baadaye, Mwalimu Nyerere aliandika tathmini yake mwenyewe. Akasema waziwazi kwamba Tanzania haikuwa nchi ya kijamaa wala ya kujitegemea. Huyo alikuwa Rais aliye madarakani, analisema Azimio lake, mbele ya chama chake. Mwaka 1995, akiwa amestaafu, aliwaita waandishi wa habari Dar es Salaam akazungumzia nyufa za taifa: Muungano unavyoyumba, udini, ukabila, rushwa. Mei Mosi mwaka huo huo, Mbeya, akayarudia mbele ya wafanyakazi, na hakupunguza makali. Tunayo mpaka leo kwenye kanda na tunayasikiliza kila Oktoba. Hakuna anayesema Mwalimu aliichafua nchi.

Ila kuna habari ya kwetu zaidi, na nataka tukae nayo kidogo, kwa sababu ile lawama ya "unaianika nchi kwa wageni" ndiyo inayonikera kuliko zote.

Mwishoni mwa 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu kwenye ardhi yao ya Engare Nanyuki ili ipewe walowezi wafuge ng'ombe. Watu wapatao 3,000. Nyumba zilichomwa. Wameru walikwisha andika barua na kukaa vikao na wakubwa wa hapa, wakajibiwa kwamba uamuzi umepita. Basi wakachangishana fedha wao kwa wao, na mwaka 1952 Kirilo Japhet, akisaidiana na wakili Earle Seaton aliyekuwa na ofisi Moshi, akaenda kusimama mbele ya Umoja wa Mataifa, New York, na kueleza yote. Hiyo ni miaka mitatu kabla ya Nyerere naye kwenda kusema pale pale, mwaka 1955. Kirilo hakurudi na ardhi. Lakini Tanganyika nzima ilijua kwamba mtu wa Meru anaweza kuishtaki serikali iliyo juu yake mbele ya dunia, na akarudi nyumbani kifua mbele. Leo nani atasema Kirilo alikosa kuipenda nchi yake kwa sababu aliyasema ya nyumbani kwa watu wa nje?

Sasa hili la utalii. Nalichukulia kwa uzito kwa sababu ndilo linalonilisha na kuwasomesha wanangu. Tuangalie kilichotokea kweli. Mwaka 2019 tulipata watalii wa kimataifa kama milioni 1.5. Mwaka uliofuata wakashuka wakawa laki 6 na kidogo, loji zikafungwa, wapagazi wa Moshi wakarudi kulima. Kilichofanya hivyo ni korona. Mwaka 2024 wamepita milioni 2, na miaka yote hiyo watu hawakuacha kulalamika mitandaoni.

Tena niwakumbushe tembo. Sensa ya 2009 ilikuta tembo kama 109,000. Ile ya 2014 ikakuta 43,000. Zaidi ya nusu walikuwa wamekwisha ndani ya miaka mitano, na sisi wa porini tulikuwa tunaiona mizoga. Idadi ile ilikuwa aibu kubwa kwa nchi inayojiuza kwa wanyama wake. Serikali ikaitangaza yenyewe mwaka 2015. Je, wageni walikimbia? Wangekimbia kama tungenyamaza mpaka tembo wa mwisho aanguke, kwa sababu hapo tusingekuwa na cha kuwaonyesha. Aliyepiga kelele kuhusu ujangili mwaka 2012 aliniwekea mimi mkate mezani, hata kama kelele zake zilisikika London.

Katiba yetu haina utata katika hili. Ibara ya 18 inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake, na haki ya kutafuta na kutoa habari bila ya kujali mipaka ya nchi. Bila ya kujali mipaka ya nchi, wakuu. Ibara ya 27 inatutaka tulinde mali ya umma na kupiga vita ubadhirifu. Mtu ataupigaje vita ubadhirifu bila kuutaja?

Uwanja ni wenu.

MZEE WA USA RIVER

Mwanangu, nimekusoma mpaka mwisho na umeandika kwa adabu. Lakini umechanganya mambo. Kirilo alikuwa anamsema mkoloni. Hakuwa anaisema nchi yake. Nchi yake ilikuwa imechukuliwa. Leo serikali ni yetu, tumeiweka wenyewe. Ukiitukana mbele ya watu unajitukana.

La pili ndilo kubwa. Wewe ni kijana, labda hukukaa kwenye viti vya wasikilizaji pale AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa, wakati mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda ilipokuwa hapa. Mimi nilikaa. Desemba 2003 nilisikia hukumu ya watu wa redio RTLM na gazeti la Kangura waliochochea mauaji yale. Kiini cha kesi kilikuwa maneno. Silaha yao kubwa ilikuwa kipaza sauti na kalamu. Nchi yenye watu wengi kama yetu, makabila mengi, dini mbili kubwa, haiwezi kuachia kila mtu aropoke. Amani hii mnayoiona imelindwa na watu waliojua kuuma ulimi. Ninyi mmeikuta imeshatengenezwa.

MDAU WA MOSHI

Nakubaliana na mtoa hoja, isipokuwa kwa walioko ughaibuni. Mtu anakaa Ulaya, mtoto wake hasomi shule zetu, yeye hapangi foleni hospitali ya Mawenzi, halafu anamwambia mama anayeuza ndizi Mbuyuni aandamane. Likiharibika, anayekamatwa ni nani? Aseme, sawa, lakini asimtume mwenzake mahali ambapo yeye hayupo.

MDAU WA SAKINA

Uzalendo ni kulipa kodi. Mwenye risiti aseme anachotaka.

MTOA HOJA

Mzee, shikamoo. Nashukuru kwa kuleta Rwanda, kwa sababu hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote alizonazo mtu wa upande wako, na ni haki ijibiwe kikamilifu.

RTLM haikuwa redio ya wakosoaji wa serikali. Ilianzishwa na watu wa karibu na utawala, na kazi yake ilikuwa kuwageuzia raia wenzao kibao: Watutsi, na Wahutu waliokataa mauaji. Wale Wahutu waliitwaje hewani? Wasaliti, vibaraka wa adui. Waziri Mkuu Agathe Uwilingiyimana alikuwa Mhutu, na aliuawa tarehe 7 Aprili 1994, siku ya kwanza kabisa. Kwa hiyo, mzee wangu, ninapoiangalia hukumu ile uliyoisikiliza, naona hatari ya kumwita mwenzako msaliti wa taifa. Sioni hatari ya kusema hospitali haina dawa. Anayechochea watu dhidi ya kabila au dini ashitakiwe, na mimi nitakuwa upande wako kutoa ushahidi. Hiyo ndiyo fitina waliyoiita mwiko.

Kuhusu Kirilo, nakubali serikali ile ilikuwa ya kigeni. Lakini ukisema serikali yetu wenyewe haisemwi kwa sababu ni yetu, umempa mtawala wetu kinga ambayo hata gavana hakuwa nayo. Sisi ndio waajiri. Mimi mwenye gari nisipomwambia dereva kwamba anakwenda kasi mno kwenye kona za Karatu, heshima yangu kwake haitatusaidia tukiwa korongoni.

Nikupe mfano wa serikali yetu wenyewe ili tuache ya mkoloni. Desemba 2018 Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG), Profesa Mussa Assad, alihojiwa na Redio ya Umoja wa Mataifa akiwa New York. Akasema mapendekezo ya ripoti zake yasipofanyiwa kazi, huo kwake ni udhaifu wa Bunge. Spika Job Ndugai akamwita Dodoma, na moja ya malalamiko yalikuwa hilo hilo, kwamba amekwenda kutusema nje. Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya naye kazi, na Novemba hakuendelea na nafasi yake. Desemba 2022 Mahakama Kuu ikasema kuondolewa kwake kulikuwa kinyume cha Katiba. Miaka mitatu ilikuwa imepita, na ofisi ina mtu mwingine.

Haikuishia hapo. Desemba 2021 Spika Ndugai huyo huyo, mbele ya watu wake Dodoma, akaonya kuhusu mikopo, kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Akashambuliwa kila kona. Akaomba radhi, haikutosha, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu. Silisemi hili kwa kumcheka marehemu, Mungu amrehemu. Nalisema kwa sababu linatisha: mtu wa mhimili mzima wa dola, aliyekuwa ndani ya mfumo maisha yake yote, alipopandisha sauti mara moja tu kuhusu deni la taifa, wengi hawakumjibu kwa hesabu za deni. Alijibiwa kwa kuhojiwa nia yake. Kama Spika hakusalia, mwalimu wa sekondari Ngaramtoni atathubutu kusema madarasa hayatoshi?

Mdau wa Moshi, la kumtuma mwenzako kwenye hatari nakuunga mkono bila kupunguza neno. Hilo halihusiani na uzalendo, ni utu tu. Ila kutoa hoja akiwa nje, hapana, usimnyime. Wengine walipo huko si kwa kupenda.

MZEE WA USA RIVER

Marahaba, mwanangu. La CAG nakubali, alionewa. La Rwanda umenipa cha kufikiri. Lakini CAG alikuwa na ripoti mkononi, kurasa kwa kurasa. Mwananchi wa kawaida ana nini? Amesikia kijiweni, naye anarusha. Huoni tofauti?

MTOA HOJA

Naiona, mzee. Asiye na ripoti aseme alichokiona kwa macho yake na asiongeze. Akiongeza, arekebishwe hadharani kama alivyosema hadharani. Lakini Ibara ya 18 haikuweka sharti la kuwa na ripoti, na isingekuwa haki kuliweka. Mwanamke aliyempeleka mtoto hospitali akaandikiwa dawa za kununua nje hana njia ya kujua bohari ilikuwa na nini siku ile. Daftari la bohari liko ofisini, chini ya kufuli. Akisema kwa uchungu kwamba dawa zimeibwa, wenye daftari walifungue wamwonyeshe ziliingia ngapi na zikaenda wapi. Wakimwonyesha na ikawa kakosea, nitamwambia mimi mwenyewe aombe radhi. Mpaka sasa naona wengi wanaoulizwa hivyo wanajibu kuhusu uzalendo wake, na daftari linabaki pale pale.