Mrejesho: pesa za serikali kwa utafiti wa nyimbo za vugo

Shukran nyote mlionijibu. Niliuliza kama mwanafunzi wa uzamili anayetafiti vugo, zile nyimbo za harusi za wanawake wa Mombasa na Lamu, anaweza kuomba pesa za umma, au ni za wenye maabara tu.

Nimesoma Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 kama mlivyonishauri. Ndiyo iliyounda Hazina ya Taifa ya Utafiti, na inataka ipewe asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka. Kinachotolewa hakikaribii hapo, na sisi wa lugha na historia tunabanwa mwanzo.

Idarani walinirudishia pendekezo wakitaka "bidhaa ya kuuzwa". Liliniuma. Bibi mmoja wa Mji wa Kale alinitolea kaseti 11 kutoka mkebe wa biskuti; mbili utepe umeshanata, hazizunguki tena. Waimbaji wengi wameshatangulia mbele ya haki.

Msimamizi akaniambia niandike hayo hayo: kaseti ngapi, nani anaimba, kuhamisha sauti zake kidijitali ni shilingi ngapi. Pendekezo limepita Ijumaa. Nikingoja maombi yafunguliwe, nazihamisha moja moja kwa redio ya kuazima.