Mbwa kaharisha, mtoto naye kafuata, ni mdudu mmoja?

mama_wawili: Jamani naombeni msaada, tumeleta kitoto cha mbwa hapa nyumbani kikaanza kuharisha nikajua ni kubadilishiwa chakula tu, siku ya nne mwanangu wa miaka 3 naye homa, tumbo linamkata mpaka anajikunja, choo kina damudamu. Maabara wanasema kampilobakta, mi jina lenyewe ndo nalisikia leo. Kwani vidudu vya mbwa vinaingia kwa mtu? Mbwa nimtoe?

jicho_la_hadubini: Pole sana. Vinaingia ndiyo. Huyo mdudu ukimtazama kwenye hadubini amejipinda kama alama ya mkato, wakiungana wawili unaona kama ndege karusha mabawa, halafu anakimbia kwa kujizungusha kama skrubu, ndo maana anapenya ule ute wa utumbo kirahisi. Zamani walimweka ukoo mmoja na wa kipindupindu, mpaka 1963 ndo akapewa jina lake. Ila mbwa usimsulubu peke yake bana, kuku ndo mwenyeji wake hasa, mwili wa kuku una joto kama digrii 42 na mdudu analipenda hilo, anajaa tele na kuku haumwi. Mlipika kuku hizo siku? Maana akishamezwa dalili zinakuja siku ya 2 mpaka ya 5.

mama_wawili: Tulipika, ila aliiva vizuri tu. Na nilimwosha kabisa kwenye sinki.

jicho_la_hadubini: Haya, hapo kwenye kumwosha!! Maji yanaruka yanatua kwenye kachumbari, ubao, kisu. Moto unamuua, ila kachumbari haipikwi, na vidudu mia kadhaa tu vinatosha kumlaza mtu.

mfugaji_mzee: Sisi wa ng'ombe tunamjua ndugu yake, yule wa kutupa mimba. Dume anakuwa mzima kabisa, ananenepa, kumbe kila jike analompanda anamwachia, unashangaa tu majike yanarudi joto kila mara. Kondoo ndo usiseme.

dada_nesi: Mama, mtoto mpe maji ya ORS kidogokidogo, na kwa hiyo damu mrudishe kwa daktari leo, antibayotiki usijinunulie maana huyu mdudu keshazoea dawa nyingi. Wengi wanapona ndani ya wiki. Ila wiki 2 au 3 zijazo ukiona miguu inalegea usisubiri kukuche, ni mara chache sana, kama mtu 1 kwa 1000, lakini neva zinaweza kushambuliwa.

mama_wawili: Asanteni, tuko njiani hospitali. Mbwa kabaki, kesho anapimwa choo. Ubao nimeutupa.